Ukuti Uliokauka Kando ya Jiko

18 Oktoba

Daftari hili nimeletewa na binti yangu Kumudha, anayefundisha hesabu huko Tiruchi. Kwenye jalada la ndani ameandika: "Baba, manung'uniko yako uyaandike humu. Masikio ya Mama yamechoka." Haya, Kumudha, naanza. Ni mimi Dhandapani mwana wa Ekambaram, fundi wa sanamu za shaba hapa Swamimalai, miaka hamsini na moja, mwenye kitambi kinachoingia karakanani kabla yangu.

Mvua zimeanza leo, na manung'uniko yangu yameanza nazo.

Wazee wa hekalu la Kondraiyur wamekuja kuagiza sanamu mbili za kubebwa mabegani siku ya maandamano: Bwana wa Mwezi na Mama, mkewe. Wanataka macho yafunguliwe, yaani yachongwe kwa tindo ili miungu ianze kuona, tarehe ishirini Januari. Walipoondoka, baba alituita. Ana miaka sabini na tisa na mtoto wa jicho pande zote mbili, lakini sauti yake haijaugua.

"Dhandapani atafanya Bwana," akasema. "Mkwe atafanya Mama."

Nilikuwa nimeinua kikombe cha kahawa. Nikakirudisha chini bila kunywa.

Mkwe huyo ni Kaliyaperumal, mume wa mdogo wangu Alamelu. Kwao ni masonara. Miaka tisa iliyopita, mikufu ya mashine ilipomwondolea riziki, baba alimkaribisha hapa, na tangu siku hiyo tumegawana kazi vizuri kabisa: mimi nafanya miili, yeye anaivisha mapambo. Mimi nyama, yeye shanga. Leo amepewa mwili, tena mwili wa Mama!

Bwana wa Mwezi husimama wima kama askari wa benki. Mikono yake miwili ya nyuma imeshika shoka na mnyama paa, wa mbele wa kulia umeinuliwa kusema "usiogope", na mtu yeyote aliyekula chakula cha asubuhi anaweza kumfanya. Mama ndiye kazi. Mama anapinda mahali patatu, shingoni, kiunoni na gotini. Ukimpinda kidogo mno ni nguzo. Ukizidisha ni mlevi anayetafuta mlango wake. Mimi nimemfanya mara thelathini na mbili.

Kisha baba akaongeza: "Hii ni kazi ya mwisho nitakayoisimamia. Atakayewafungua macho hawa wawili ndiye atakayeishika tindo." Hakusema ni nani. "Nitaamua kazi ikiwa tayari."

Tindo ya dhahabu iko ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati. Ni ndogo kama kijiti cha kuchokolea meno. Alikuwa nayo babu, kisha baba. Tangu nikiwa na miaka saba nimekuwa nikilitazama kopo lile.

19 Oktoba

Baba kanituma: "Mwonyeshe mkwe mambo ya ukuti."

Ukuti ndio kipimo chetu. Unachana utepe wa jani bichi la mnazi, unaukata kwa urefu wa sanamu kwenye fimbo iliyo ukutani, kisha unaukunja. Mwili mzima ni nyuso tisa, kila uso una vidole vyake, na kila kidole ni punje nane za shayiri. Mikunjo ndiyo inayokuambia kitovu kikae wapi na goti likae wapi.

Nimemkuta Kaliyaperumal ameshakata wake na anaukunja. Anaukunja vizuri kuliko mimi, vidole vyake vile vya kushikia almasi.

"Kumbe unajua?" nikamwuliza.

"Najua, shemeji. Miaka tisa nakutazama wewe! Mikono nilikuwa nayo, ila macho nimeyaazima kwako."

"Basi," nikasema, nikaenda zangu.

23 Oktoba

Mvua. Kiwiliwili cha nta cha Bwana kimekamilika; kwanza huwa nta, shaba huja mwisho. Kimesimama wima. Kingefanya nini kingine?

26 Oktoba

Uso wa Mama umekamilika. Nilijifanya nakwenda kuchukua sandarusi ya kuchanganya kwenye nta, nikapita karibu nikautazama.

Tunafundishwa tangu utotoni: uso uwe na umbo la yai, macho yawe samaki wawili, pua iwe ua la ufuta, kidevu kiwe kokwa ya embe. Huo ni wimbo, tunauimba sote. Mimi nikiumba, unaona yai, samaki na kokwa, kama mezani kwa mkwe mlafi. Huyu amemuumba mtu. Mwanamke aliyesikia jambo la kuchekesha na anangoja wageni waondoke ndipo acheke.

Nimerudi kwenye benchi langu. Nimemwambia Bwana wangu, "Jitahidi basi hata na wewe." Amenitazama kama askari wa benki.

29 Oktoba

Leo nimeona kitu.

Niliegemea benchi la Kaliyaperumal kumwomba kisu, nikaona ukuti wake. Ulikuwa umelala kando ya jiko la mkaa analolainishia nta. Rangi yake ni ya majani makavu. Ni uleule wa tarehe kumi na tisa.

Ukuti ukikauka hupungua. Ndiyo maana kila siku tunakata mpya. Mimi huukata wangu alfajiri kwenye mnazi wa nyuma ya nyumba yangu na kuja nao karakanani ukiwa tayari mkononi. Kwa hiyo katika miaka yote tisa Kaliyaperumal ameniona nikikunja, hakuwahi kuniona nikikata. Usonara hauna ukuti. Yeye anadhani ni mmoja tu, kama rula.

Uso na kifua cha Mama alivipima ukuti ukiwa mbichi. Sasa yuko mapajani, na ukuti umekauka. Nimekadiria kwa jicho: mpaka afike nyayoni, miguu itakuwa imepungukiwa punje nne za shayiri. Nusu kidole. Mtu wa barabarani hataona. Baba angeona, kama angekuwa na macho.

Nilisema, "Ahsante kwa kisu."

30 Oktoba

Mvua. Sikusema.

31 Oktoba

Mvua. Sikusema. Nimejiambia kwamba si kazi yangu, kwamba fundi anayepewa Mama lazima ajue ukuti. Nimejiambia tena wakati wa chakula, kwa sauti, na mke wangu Visalakshi akauliza, "Unazungumza na mchuzi wa sambar, Baba Kumudha?"

3 Novemba

Miguu ya Mama imekamilika. Kaliyaperumal amenijia anajifuta mikono kwa kitambaa, ana aibu kama mchumba.

"Shemeji, njoo umtazame. Miguu unaionaje? Mimi naona kama... sijui. Labda nimemtazama mno."

Nikaenda. Nikasimama mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Upungufu ulikuwa pale pale, chini ya goti. Mama alikuwa kama mtu aliyezama kidogo kwenye mchanga wa mto.

"Mama ni mrembo," nikasema.

Uso wake ukakunjuka. "Kweli?"

"Mrembo kabisa."

Sikusema uongo hata kidogo.

5 Novemba

Deepavali, sikukuu ya taa. Shemeji amenipa zawadi ya shati jipya, la rangi ya samawati. Limenikaa barabara. Hata kitambi changu amekipima sawasawa. Nimekasirika siku nzima.

9 Novemba

Tumeanza kumvika Mama udongo. Nguo ya kwanza ni tope laini la mto Kaveri, lililochujwa mpaka likawa kama maziwa mazito, ili liingie kwenye kila ushanga. Alamelu ndiye aliyelichuja. Anapaka kwa vidole huku akiimba, na mumewe anamfuata kwa unyoya wa kuku, akitoboa mapovu.

"Kaka, mbona umekaa kama mkaguzi wa nyama?" akaniuliza. "Shika beseni!"

Nikashika beseni. Yaani nimesaidia kulifunika kosa kwa mikono yangu mwenyewe.

Baba aliletewa kiti. Akanyoosha mkono, akaupapasa uso wa Mama kabla haujafunikwa. Kidole chake kikabaki kwenye kidevu kile.

"Mkwe," akasema, "huyu nani amekufundisha?"

"Dhandapani, Baba."

Baba akacheka. Mimi nikaliangusha beseni.

12 Novemba

Nguo ya pili, udongo wa shamba la mpunga. Mvua haikatiki, udongo haukauki. Kwa kawaida ni siku nne, sasa zitakuwa kumi. Kila siku mtu anasema, "Ah, mvua hii!" na mimi naitikia kwa sauti kuliko wote. Hapana anayejua kwamba moyoni nafurahi. Maadamu udongo ni mbichi na nta iko ndani, bado naweza kusema. Kalibu, yaani ganda hili la udongo, ikishaingia motoni, nta inayeyuka na kumwagika. Mama anabaki shimo ndani ya udongo, na shimo halirekebishwi.

Bado naweza kusema. Sikusema.

14 Novemba

Nimekaa nikahesabu watu watakaodhurika. Watu wa Kondraiyur watambeba Mama mabegani, vikongwe watamwomba mvua na wajukuu. Sanamu yenye kipimo kibovu, wazee wetu wanasema, humrudia aliyeifanya. Aliyeifanya ni Kaliyaperumal. Lakini Mama si mjinga. Atajua beseni lilishikwa na nani.

17 Novemba

Homa. Nilitetemeka nikiwa na kipande cha nta mkononi. Kaliyaperumal kanisindikiza nyumbani chini ya mwavuli wake, nusu yake ikilowa.

"Bwana wangu bado hajavikwa udongo," nikamwambia, meno yakigongana.

"Nitamvika mimi. Wewe nenda kalale, shemeji. Askari wa benki hawezi kutoroka."

Kumbe utani wangu niliousema peke yangu wote wameusikia.

21 Novemba

Siku nne nimekunywa mchuzi wa rasam na kulala. Visalakshi anasema katika homa nilikuwa nasema "punje nne, punje nne". Alidhani ni dawa nimeandikiwa.

24 Novemba

Nimerudi kazini. Bwana wangu amevikwa nguo mbili tayari, vizuri kuliko ambavyo ningemvika mimi. Kaliyaperumal alikuwa ameenda kununua mkaa.

Sasa nitaandika jambo la aibu. Nililifungua kopo lake la vifaa. Nilitaka kuona anatumia kisu gani kwenye macho. Wivu huu una kazi nyingi, haunipi nafasi ya kupumzika.

Ndani, chini ya visu, palikuwa na kiberiti, na ndani ya kiberiti, juu ya pamba, palikuwa na kidole cha nta. Kinene, kifupi, kimepinda kama kibogoyo anayecheka. Nilikijua mara moja. Katika Swamimalai nzima ni mtu mmoja tu anayeumba vidole vinavyofanana na ndizi mbichi.

Nilimwuliza Alamelu.

"Aa, hicho," akasema bila kuinua macho kwenye chujio. "Siku ile ya homa uliliacha jiko lako linawaka chini ya benchi. Bwana wako alipata joto. Kidole cha shahada kikaanguka, ule mkono wa 'usiogope'. Mume wangu alikaa nacho mchana kutwa akakiumba upya. Mara tatu alikivunja kwa sababu kilitoka chembamba. Anasema, 'Si kidole cha Dhandapani hiki, hiki ni cha sonara.' Mpaka kikatoka kinene."

"Mbona hakuniambia?"

"Ungefanyaje? Ungejiona mzembe, na baba angesikia." Ndipo akainua macho. "Akasema kazi ya mtu haitupwi, akakiweka kile cha zamani. Mimi nilitaka kukirudisha kwenye sufuria ya nta."

Nilikirudisha kiberiti mahali pake. Nimeshindwa kula.

Basi hebu tazama. Yeye aliona kosa langu akanyamaza. Mimi niliona kosa lake nikanyamaza. Ukitusikiliza kwa nje, ukimya wetu ni mmoja.

25 Novemba

Mvua. Nguo ya tatu ya udongo, yenye mchanga. Nilifika mpaka benchi lake. Nikamwomba kisu.

26 Novemba

Nina visu vyake vitatu sasa.

27 Novemba

Asubuhi mvua ilipungua ikawa manyunyu, na baba akasema, "Kesho tuwashe moto." Tukatumwa mimi na Kaliyaperumal tukachukue samadi kavu ya kuchomea kalibu kutoka kwenye banda la mjane mmoja upande wa pili wa mfereji. Tulirudi tumeibeba kichwani, tumejifunika karatasi moja ya plastiki wawili sisi, kama ng'ombe wa sherehe. Tulipofika kwenye daraja nikasimama. Ikambidi naye asimame, plastiki ni moja.

"Ukuti wako," nikasema.

"Ukuti gani, shemeji?"

"Wa Mama. Ulikata mmoja tu. Ukuti hukatwa kila siku. Ukikauka hupungua. Miguu ya Mama ni mifupi kwa punje nne."

Akatazama chini. Maji ya mfereji yalikuwa yanapita na majani ya migomba.

"Umejua lini?" akauliza.

"Tarehe ishirini na tisa Oktoba."

Nilidhani atanitupia samadi. Ningeikubali. Mtu mzima, hamsini na moja, nimesimama darajani nangoja kupigwa na kinyesi cha ng'ombe, na moyo wangu unasema: afadhali.

"Mimi niliiona miguu ile," akasema polepole. "Kabla sijakuita niliona haiko sawa. Usiku sikulala. Halafu ukaja ukamtazama, ukasema Mama ni mrembo. Nikajiambia, Kaliyaperumal, macho yako ndiyo mabaya. Dhandapani ameshafanya thelathini na mbili. Kungekuwa na kosa angesema." Akaiweka sawa samadi kichwani. "Nililala vizuri siku ile, shemeji. Kwa ajili yako nililala vizuri."

Afadhali angenitukana.

Tukatembea mpaka karakanani, plastiki moja.

27 Novemba, jioni

Nimemwambia baba. Kaliyaperumal alisimama mlangoni, hakuingia.

Baba alikuwa anapepea kahawa yake. "Nilikutuma umwonyeshe ukuti," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ulimwonyesha?"

"Hapana, baba."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu ya kila aina, nimeyatunga mwezi mzima. Likatoka moja ambalo sikulitunga. "Ulimpa yeye Mama."

Baba akainywa kahawa yote, akakiweka kikombe.

"Unamkumbuka baba yako mkubwa, Somaskandan?"

"Aliyekwenda Madurai kuuza masufuria."

"Alikuwa fundi kuliko mimi. Mwaka ule babu yako alipotaka kuitoa tindo, mimi ndiye niliyekuwa nachanganya nta. Yake niliipunguzia sandarusi. Kidogo tu. Kila alichoumba kilipasuka, akaona mikono yake imelaaniwa. Akaondoka." Macho yake meupe yalikuwa yanaelekea mahali nilipo, pembeni kidogo. "Sijapata kumwambia. Amekufa na masufuria yake. Mimi nimefungua macho ya miungu mia nne kwa tindo ile, na kila mara mkono wangu ulikuwa baridi."

Kaliyaperumal akainama pale mlangoni, akaanza kupanga viatu ambavyo tayari vimepangika.

"Tindo haitapita kwa njia hiyo mara ya pili," baba akasema. "Kopo nipe."

Nikapanda kistuli, nikalishusha kopo la biskuti kwa mikono yangu, nikampa. Akalipapasa, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Mkwe."

"Baba, mimi sijui hata ukuti," Kaliyaperumal akasema.

"Huyu atakufundisha. Na wewe, Dhandapani, miguu utaitengeneza wewe. Kalibu ivunjwe kesho."

28 Novemba

Tumeivunja. Nashukuru mvua: udongo ulikuwa mbichi mpaka ndani, tukaubandua kwa visu vya mianzi kama unavyomenya yai. Uso ulitoka mzima. Bado anangoja wageni waondoke ndipo acheke, na sasa najua mgeni ni nani.

Kuanzia nyonga kwenda chini nimekata.

29 Novemba – 4 Desemba

Kila siku ukuti mbichi. Kila siku nimekata mbili, nikiwa nimesimama naye chini ya mnazi ili aone. Naumba paja, yeye ananitazama. Naye ni mwalimu mkali.

"Nene hiyo, shemeji."

"Ni paja la Mama, siyo mkufu."

"Lifanane na shina la mgomba, walivyosema wazee. Lako hili ni mgomba mzima na matunda yake."

Nimelipunguza. Hiyo ndiyo mara ya kwanza amenitania tangu darajani.

5 Desemba

Udongo upya. Beseni nimelishika mimi, sikuliangusha.

16 Desemba

Tumemimina. Jua lilitoka siku tatu mfululizo, kalibu zikakauka, nta ikatoka motoni ikinukia sandarusi. Kalibu mbili tulizizika ardhini, midomo juu. Madini matano yakachemka katika chungu mpaka moto ukawa wa kijani. Visalakshi na Alamelu walitupa chunguni bangili zao za zamani, kipande cha dhahabu kiingie. Wa kwanza alikuwa Bwana, akapita vizuri. Kwa Mama, Kaliyaperumal alishika koleo upande mmoja, mimi upande mwingine. Shaba ikishaanza kumiminwa hairuhusiwi kukatika, ikikatika sanamu inapata kiungo cha aibu. Nilikuwa nimechomwa na cheche kwenye kidole gumba na ningeweza kuachia.

Nilitaka kusema hapa kwamba sikufikiri kuachia. Kumudha, daftari ni lako, nitasema kweli: nilifikiri. Kwa muda wa punje moja. Kisha nikakaza.

18 Desemba

Tumevunja udongo. Wote wawili wametoka wazima, weusi, wenye mikia ya mirija ya kumiminia kama kamba za kitovu. Baba amempapasa Mama kwa ukuti mbichi kutoka nyweleni mpaka nyayoni. Amesema, "Sawa." Hilo tu. Nimelirudia kichwani kama wimbo.

Siku zote kati ya hapo na 19 Januari

Kusugua, kukwaruza, kung'arisha kwa ukwaju na majivu. Mvua zimekwisha. Pongal, sikukuu ya mavuno, tulikula wali mtamu mpaka shati la samawati likaanza kulalamika.

20 Januari

Wazee wa Kondraiyur wamekuja na ngoma. Pazia la njano limetandazwa, ndani tumebaki baba kitini, Kaliyaperumal na tindo ya dhahabu, na mimi na kioo. Kioo lazima kiwepo. Mama akifunguliwa macho hatakiwi kumtazama mtu moja kwa moja, mtazamo ule wa kwanza una nguvu, anajitazama mwenyewe. Mshika kioo hukaa mbele ya Mama, nyuma ya kioo, na haoni kitu ila mgongo wake.

Basi niliuona mgongo wa kioo. Kazi yangu kwa siku niliyoingoja miaka arobaini na minne ilikuwa ubao wa msonobari wenye misumari minne.

Wivu ukarudi. Nilidhani umeisha, kumbe ulikuwa umekwenda kubadilisha nguo. Bwana alikuwa ameshafunguliwa; kwa Mama nilimsikia Kaliyaperumal akivuta pumzi. Nyundo ya fedha ikagusa tindo, sauti ndogo kama punje ya mchele inayoanguka kwenye sahani. Jicho la kulia. Kioo kikashuka mikononi mwangu.

"Inua kidogo," akanong'ona kutoka upande wa pili.

Nikainua.

"Bado. Inua, shemeji. Au na kioo nacho kiliwekwa karibu na jiko, kikapungua?"

Nilicheka. Mbele ya Mama, nyuma ya pazia takatifu, kitambi changu chote kikacheka na kioo kikatikisika, na baba akasema kwa ukali, "Nani huyo?" Kaliyaperumal akajibu, "Ni Mama, Baba," na hapo akapiga jicho la kushoto.

Nje ngoma zililia. Pazia likatolewa. Vikongwe wa Kondraiyur wakamtazama, mmoja akaanza kulia, na mwingine akasema, "Lo, tazama anavyosimama!" Anavyosimama. Hakusema anavyotabasamu. Nimeandika neno hilo kubwa hapa ili nisilisahau: ANAVYOSIMAMA.

Nimemtazama Bwana wangu pembeni yake, mkono wake umeinuliwa, na kile kidole kinene ambacho si changu kinasema usiogope.

21 Januari

Jua kali. Kazi mpya imeingia, Ganesha wa futi moja, yule mungu mwenye kichwa cha tembo na kitambi. Baba kamwachia Kaliyaperumal agawe kazi. Amenipa mimi. Amesema, "Huyu kitambi anakijua Dhandapani."

Alfajiri nimekata kuti mbili, mmoja nimeuweka kwenye benchi la Kaliyaperumal. Kopo la biskuti liko kwenye kabati lake sasa. Nililipita nikalitazama, kama tangu nina miaka saba. Wivu bado upo, Kumudha, nisikudanganye. Nimeupima kwa ukuti mbichi. Umepungua punje moja ya shayiri.